Motere ndogo ya kukata majani ndani ya mutuka: inaweza nini, inashindwa wapi

Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, majani ya parcelle yanakatwa kwa panga na jembe, si kwa mashine. Lakini motere yenyewe, ile ambayo Wazungu waliiweka juu ya mashine ya kukata majani, hapa watu wanaijua vizuri. Iko kwenye pompe ya maji, kwenye grupe inayowasha taa za buvette na kuchaji simu, kwenye mashine ndogo za kusaga. Pistoni moja, bujie moja, kamba ya kuvuta, tangi ndogo ya esanse juu. Haina radiatere, hewa njo inaipoza. Na popote motere ya namna hii inapofika, kuna kijana anayeangalia mutuka iliyokufa motere nyuma ya nyumba ya mtu na kujiuliza: nikiweka hii ndani, itatembea?

Itatembea. Swali gumu ni lile la pili: itatembea namna gani, kwenye njia gani, na itasimama na nini.

Wazo hili si la leo

Mashine ya kwanza ya kukata majani ilitengenezwa Uingereza na Edwin Budding mwaka 1830, nayo ilikuwa ya kusukumwa kwa mikono. Ya motere ya esanse ilianza kuuzwa mwaka 1902 na kampuni Ransomes. Kisha Wamarekani wakageuza mambo: badala ya kufikiri motere ndogo ni ya bustani tu, wakaipandisha watu. Kampuni Briggs & Stratton ya Milwaukee, iliyoanza mwaka 1908 na ambayo baadaye motere zake zilijaa kwenye mashine za majani dunia nzima, iliuza katika miaka ya 1920 kigari kilichoitwa Flyer. Ilikuwa mbao tupu, viti viwili, magurudumu manne ya baiskeli, na nyuma gurudumu la tano lenye motere ya karibu farasi 2. Dereva akitaka kwenda, anateremsha lile gurudumu liguse udongo. Akitaka kusimama, analiinua. Bei ilikuwa kati ya dola 125 na 150, na mpaka leo kinatajwa kati ya mituka ya bei ya chini zaidi iliyowahi kuuzwa mupya.

Mwaka 1956, kule California, fundi wa mituka ya mashindano Art Ingels alichukua motere ya kukata majani, aina ya West Bend, farasi 2 na nusu, akaifunga kwenye shasi ya bomba iliyo chini kabisa karibu na udongo. Hapo njo karting ilizaliwa, mchezo ambao madereva wengi wakubwa wa Formula 1 walianzia. Na Uingereza, tangu 1973, kuna watu wanaoshindana juu ya mashine za kukata majani zenyewe, visu vikiwa vimetolewa. Sheria yao inakataza kuongezea motere nguvu. 

Tuangalie kitu kimoja katika mifano hii yote. Flyer, kart, mashine ya majani: vyote ni vyepesi. Hakuna aliyeanza na mutuka nzima ya chuma.

Farasi 5 mbele ya kilo 900

Motere inayopatikana sana ni ya namna ya Honda GX160, iliyo kwenye familia ya GX iliyoanza mwaka 1983, pamoja na kopi zake nyingi za China. Ina sentimita kibiki 163, uzito wa kilo 15 hivi, na inatoa karibu farasi 5 ikizunguka mara 3600 kwa dakika. Mutuka ndogo ya kawaida inatoka kiwandani na farasi zaidi ya 60.

Hesabu ni rahisi na haidanganyi. Mutuka ndogo pamoja na dereva wake ni kama kilo 900. Kwenye lami iliyo sawa, farasi 5 zinatosha kuifikisha kilometa 40 kwa saa, ikiwa imepewa muda. Hapo watu wanapiga makofi na kufanya video. Lakini lami iko wapi? Kwenye muchanga laini, ile mutuka inashuka mpaka kilometa 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kwenye mupando wa metre 10 kwa kila metre 100, ni vilevile ao chini yake. Ongeza watu watatu na mufuko wa samaki wakavu, inasimama.

Wengi wanafikiri motere ndogo inakunywa kidogo. Ikifanya kazi kwa nguvu yote, inamaliza kama litre moja na nusu kwa saa. Ukienda kilometa 40 ndani ya saa hiyo, ni uchumi mzuri sana. Ukienda kilometa 10 tu ndani ya saa hiyohiyo, umeshakunywa litre 15 kwa kilometa 100, mara mbili ya motere kubwa iliyotolewa. Na esanse ya Kinkondja inafika ikiwa imeshapita mikono mingi, kuanzia Bukama, ambako reli ilifika tangu 1918, kisha juu ya maji.

Sasa chukua motere ileile, uifunge kwenye shasi nyepesi ya bomba, kilo 150, magurudumu ya moto. Pamoja na dereva ni kilo 220, yaani mara nne chini ya mutuka. Pale pale muchanga unapitika. Fundi anayetaka kufanya kitu cha kufaa, si cha video tu, anaanzia hapo.

Kuunganisha

Motere nyingi za kusukuma mashine ya majani zina shafti iliyosimama, inayotokea chini, kwa sababu kisu kinazunguka kwa ulalo. Za pompe na za grupe zina shafti ya ulalo, na hizo njo zinazofaa. Kuigeuza ile ya kwanza ilale kwa ubavu ni kuiua: mafuta ya ndani hayana pompe, yanarushwa tu na kijiko kidogo. Motere ikiinama kupita kipimo, digri 20 kwa nyingi, kijiko kinapiga hewa na chuma kinakauka.

Kuifunga moja kwa moja kwenye buati ya vitesi ya mutuka hakutoshi. Kwa mizunguko 3600, vitesi ya kwanza peke yake inaomba karibu kilometa 27 kwa saa, na motere haina nguvu ya kuanza hivyo. Inapashwa kupunguzwa kwanza mara tatu, kwa sheni ao kuruwa, mbele ya kuingia kwenye buati. Hapo vitesi ya kwanza inakuwa ya kilometa 9, na ya nne kama 30. Ile ambreyaje ndogo ya kart, inayoshika yenyewe motere ikipanda, ni ya kitu chepesi. Kwenye mutuka ya kilo 900 inateleza, inatoa moshi, inaungua siku ya kwanza. Ni afazali kubakisha ambreyaje ya mutuka yenyewe.

Tena kuna jambo la kuchekesha ambalo linawapata wengi: motere ikiwekwa ikiangalia upande mbaya, mutuka inapata vitesi nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Freni njo mambo makubwa

Mituka ya siku hizi ina servo, kile kisahani kikubwa nyuma ya pedali ya freni. Servo inasaidia mguu kwa kutumia hewa inayofyonzwa na motere kubwa. Motere ya pistoni moja haifyonzi ya kutosha. Kwa hiyo siku ya kutoa motere kubwa, freni nazo zinabadilika: pedali inakuwa nguvu kama jiwe. Freni ziko bado, lakini zinaomba kukanyagwa kwa nguvu mara nyingi zaidi, na dereva anagundua hivyo kwenye muteremko, wakati kilo 900 hazijali tena kama motere ni ya farasi 5 ao 60. Ile mutuka ilikuwa dhaifu wakati wa kupanda tu. Kushuka, ni nzito kama zamani.

Na wakati huo pembeni ya njia kuna batoto, mama wenye mabeseni, baiskeli zenye samaki. Servo isipofanya kazi, mutuka ile isitoke kwenye uwanja uliofungwa. Kwa upande wa sheria ya inchi yetu, mutuka inayotoka barabarani inaomba plaque, na assurance ni ya lazima.

Hatari ingine ni regilatere. Ni ule wenzo mdogo wenye resori unaozuia motere isipite mizunguko 3600 hivi. Kijana akiona mwendo ni mdogo, anautoa. Motere inalia vizuri, watu wanafurahi, kisha bieli, ambayo ni ya aluminiamu, inakatika na kutoboa kifuko cha motere. Ao volani inapasuka, na vipande vyake vinaruka pembeni. 

Joto nalo: motere iliyozoea hewa ya inje, ikifungiwa chini ya kapo ya mutuka, inaungua. Moshi wake una gazi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo bomba la moshi linapashwa kutoka nyuma kabisa, si chini ya miguu ya dereva. Na betri haitajichaji, kwa sababu altarnatere ilitoka pamoja na motere ya zamani.

Juu ya maji

Kwa wakaaji wa ziwa, motere hii ina kazi ingine ambapo farasi 5 si kidogo. Maji yanabeba uzito, hakuna mupando, hakuna muchanga. Shafti ndefu yenye elisi mwishoni inatosha kusukuma mutumbwi uliojaa. Lakini ile shafti inazunguka karibu na watu waliokaa, na kikwembe kikiguswa nayo kinafungwa na kumvuta mwenye kukivaa. Bomba tupu likipitishwa juu ya shafti linaondoa hatari hiyo kwa bei ya kilo chache za chuma. Na Kisale ina mafunjo na majani yanayoelea: yakijizungusha kwenye elisi, motere inazimwa kwanza na waya wa bujie unachomolewa, kisha njo mkono unaingia majini.