Keekee na Kijembe Chake

Kijitabu cha mafunzo ya useremala nilichokabidhiwa hapa Wang'uru, Mwea, kinaiita drili “mashine ya kutobolea matundu”, na ncha yake “kitoboleo”. Sina budi kupinga. Sindano hutoboa, mwiba hutoboa, msumari hutoboa: vyote hupenya kwa kusukumwa. Chombo hiki huzunguka na kuula ubao. Tendo hilo kwa Kiswahili ni kupekecha, kama wazee wetu walivyopekecha moto kwa vijiti viwili.

Na chombo cha kupekechea kina jina tangu zamani: keekee. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Maseremala wa pwani walikijua kiungo kwa kiungo: chuma cha ncha ni kijembe, mti wa mviringo unaokibeba ni msukano, kishikio cha juu ni jivu, na kinachouzungusha ni uta. Kijembe ni jembe dogo: lile huchimba shamba, hiki huchimba mbao. Umeme umeuondoa uta. Haukuwa na sababu ya kuondoka na majina.

Niliwapelekea wahusika wa kijitabu hicho hoja hii, kurasa nne kamili. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: maneno ya kizamani, tena kijembe siku hizi ni masimango. Jibu hilo liliniuma na linaniuma bado. Kifaru ni mnyama na ni gari la vita, na sijasikia askari aliyeyachanganya.

Wengine wanatetea “biti”, neno ambalo tumekwisha kuipa kompyuta. Sichukii mkopo. Parafujo tuliipata kwa Mreno, kama meza, na skrubu kwa Mwingereza, nami natumia zote mbili. Lakini mtu hukopa asichonacho. Keekee na kijembe tunavyo.

Kuhusu matumizi: kwa parafujo ya milimita 4, pekecha kwanza kwa kijembe cha milimita 2.5 kwenye mgrivea, au 3 kwenye mkaratusi mkavu.

Hapo ndipo ubishi wangu unapofika karakanani. Kijembe huutoa unga wa mbao nje na kuiachia parafujo nafasi. Mwanagenzi aliyeambiwa “toboa” atashika nyundo na msumari. Nyuzi za mbao zitasukumwa kando, ubao utapasuka, na kosa litakuwa la aliyempa neno.