Usingizi Unapovurugika: Malale na Maradhi Adimu ya Kurithi

Usingizi huongozwa na ubongo. Mtu mwenye afya hulala usiku kwa mfululizo na kukaa macho mchana. Mpangilio huo unapopinduka, huku mgonjwa akiwa na homa, akikonda au akichanganyikiwa, huenda chanzo ni ugonjwa ulioingia katika ubongo wala si uvivu au kurogwa.

Miongoni mwa magonjwa hayo upo ugonjwa adimu wa kurithi wa kukosa usingizi, ulioelezwa kitaalamu mwaka 1986 na Elio Lugaresi na wenzake nchini Italia. Ugonjwa huo hutokana na hitilafu katika jeni inayotengeneza protini ya prioni. Protini hiyo hujikunja isivyo kawaida na kuharibu thalamasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuratibu usingizi. Mgonjwa hupoteza usingizi mzito, hutokwa jasho jingi, na moyo wake hudunda kwa kasi. Mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Hadi sasa hakuna tiba ya kuuponya.

Malale ni tofauti: hayarithiwi, na yanatibika. Huenezwa na mbung'o mwenye vimelea viitwavyo tripanosoma. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa Kijerumani walibaini wagonjwa wa malale katika bonde la Mto Ruvuma, ambao chanzo chake kipo milima ya Matogoro karibu na Songea. Aina ya malale inayopatikana Tanzania huenda kwa kasi, na mgonjwa asipotibiwa anaweza kufariki dunia ndani ya miezi michache.

Dalili za awali ni homa, maumivu ya kichwa na viungo, na wakati mwingine kidonda mahali alipoumwa na mbung'o. Dalili hizo hufanana na za malaria. Vimelea vikifika kwenye ubongo, usingizi hukatikakatika: mgonjwa husinzia mchana hata akiwa anakula au kuzungumza, na usiku hukesha. Licha ya jina la ugonjwa huo katika lugha nyingi, jumla ya saa anazolala kwa siku haiongezeki sana. Kinachoharibika ni mpangilio wake. Baada ya matibabu, mpangilio huo huweza kurejea.

Uchunguzi hufanywa kwa kupima damu kwa hadubini na, inapobidi, maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale, kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea wenye uzito usiopungua kilo 20. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula kwa siku 10 chini ya uangalizi wa wataalamu. WHO hutoa dawa za malale bila malipo.

Kwa wakazi wa Wilaya za Mbinga na Nyasa wanaoingia porini kurina asali, kuchunga mifugo au kukata kuni, kinga ni kuvaa nguo ndefu nzito na kuepuka rangi ya bluu na nyeusi, ambazo huwavutia mbung'o. Mwenye homa isiyopona, ambaye kipimo chake hakioneshi malaria, amweleze mhudumu wa afya alikopita porini na iwapo aliumwa na mbung'o. Maelezo hayo mafupi yanaweza kuwezesha malale kugundulika kabla hayajafika kwenye ubongo.