Ugawaji wa nafasi katika repatori ya zamu

Repatori ya zamu ni utaratibu wa tamthilia ambamo kundi moja la waigizaji huonyesha michezo kadhaa kwa kupokezana msimu mzima: tanzia alasiri, ramsa usiku, na kesho yake mchezo wa tatu. Tamasha la Oregon Shakespeare, lililoanzishwa mjini Ashland, Marekani, mwaka 1935, limejijengea jina kwa utaratibu huu.

Hapa hateuliwi mwigizaji wa mchezo mmoja, linateuliwa kundi. Waongozaji wote hukaa meza moja, kwa kuwa wanagawana watu wale wale. Huchorwa jedwali, waigizaji upande, michezo juu, na kila mstari ndio kazi atakayopewa mtu: mfalme katika mchezo wa kwanza, mtumishi mwenye sentensi nne katika wa pili, na katika wa tatu akiba wa mwenzake, yaani kuyajua maneno yote ya nafasi ambayo huenda asiicheze kamwe. Mmoja akikataa kuwa mtumishi, ufalme nao unatafutiwa mtu, na mistari ya jirani huchorwa upya.

Mwili nao una masharti yake. Koo lililonguruma vitani alasiri haliwezi kubeba nafasi kuu nyingine usiku. Anayetakiwa ndevu Jumanne na kidevu kitupu Jumatano atabandikwa ndevu, au nafasi apewe mwingine.

Kazi hii ni ya kale. Makundi ya London ya karne ya 16 yalibadilisha mchezo karibu kila siku. Msafiri Mswisi Thomas Platter, aliyetazama mchezo wa Julius Caesar mwaka 1599, aliandika kwamba ulichezwa na watu kama 15. Aliyeusoma kwa tafsiri ya Julius Nyerere anajua jinsi wasemaji wake walivyo wengi: lazima wengine walivua joho moja na kuvaa jingine nyuma ya pazia.

Mfano mkubwa wa karne hii ni wa Royal Shakespeare Company ya Uingereza. Kati ya 2006 na 2008, chini ya mwongozaji Michael Boyd, waigizaji 34 walicheza nafasi 264 katika michezo minane ya Shakespeare ya wafalme. Jonathan Slinger alikuwa Richard wa Pili na pia Richard wa Tatu, yule akinyang'anywa taji, huyu akilipora. Katy Stephens alicheza Joan wa Ufaransa, kisha Margaret, malkia mtarajiwa wa Uingereza. Katika maandishi ya Shakespeare, Joan anakamatwa na papo hapo Margaret anaingia, naye ni mateka. Sura ikiwa ile ile, mtazamaji anaona bila kuambiwa kwamba adui aliyeshindwa amerudi kwa mlango wa ndoa. Maana hiyo haikuandikwa popote. Ilizaliwa kwenye jedwali.

Kwa hiyo anayegawa nafasi hapaswi kuanza na wafalme. Mfalme mzuri hupatikana. Adimu ni yule atakayekuwa mfalme usiku huu na kesho abebe mwenge nyuma ya mwenzake kwa moyo ule ule. David Warner, aliyekuwa Henry wa Sita kijana katika kampuni hiyo mwaka 1963, alirudi kuungana na kundi la Boyd mwaka 2007. Safari hii alikuwa Falstaff, mzee mnene.