Kulipuka na Kumezwa: Historia ya Mianga Iliyopewa Jina Lisilo Lake

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Katika elimu ya falaki mambo mara nyingi yamekwenda kinyume: kilichong'aa gizani kilipewa jina kwanza, kisha vizazi vikahangaika kupima kama jina hilo lilikistahili. Kwa sisi tunaoshughulika na maneno, historia ya supanova na viini vya galaksi ina mengi ya kutufunza.

Novemba 1572, Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota katika kundi la Cassiopeia, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha Kilatini juu yake, na neno nova, yaani "mpya", likakita mizizi katika lugha ya wanafalaki. Leo twajua kwamba jina hilo lilipingana na jambo lenyewe. Aliloliona Brahe halikuwa kuzaliwa bali kifo: nyota kongwe, iliyokwisha kuteketeza kuni zake, ilikuwa inalipuka.

Kosa la pili lilihusu mahali. Agosti 1885, Ernst Hartwig, akiwa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, aliona nukta ya mwanga karibu kabisa na kitovu cha Andromeda. Andromeda yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 964 na Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeiita wingu dogo. Mwaka ule wa 1885 bado ilihesabiwa kuwa wingu, na baadhi ya wataalamu walidhani kwamba wanalishuhudia likijikusanya na kuwa jua. Katika mjadala wa Washington wa 1920, Harlow Shapley aliitumia nukta hiyohiyo kama hoja: kama Andromeda ingekuwa mbali kiasi kilichodaiwa, nyota moja ingekuwa imeng'aa kama mamilioni ya majua, na hilo haliwezekani. Hesabu yake haikuwa na dosari. Kilichokosewa ni neno "haliwezekani". Edwin Hubble alipothibitisha miaka michache baadaye kwamba Andromeda ni galaksi ya mbali, ilibidi kukiri kuwa kuna milipuko ya ukubwa huo. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky wakaitenga milipuko hiyo na nova za kawaida kwa kuiita supanova. Waliongeza ukubwa, upya usio wa kweli wakauacha palepale.

Kiini cha Andromeda ni kimya. Lakini mwaka 1943 Carl Seyfert alichapisha uchunguzi wa galaksi chache zenye viini ving'avu visivyo vya kawaida, ambamo gesi ilionekana kwenda kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ni nini kinachoisukuma gesi hiyo? Mwaka 1961 Geoffrey Burbidge alipendekeza kwamba katika viini vilivyosongamana nyota, supanova moja huweza kuiwasha jirani yake, nayo ikawasha nyingine, mfano wa moto wa makuti unaoruka kutoka paa hadi paa. Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell alitetea jibu tofauti: katikati ya galaksi kuna shimo jeusi, na mwanga hutoka kwenye gesi inayozunguka ikielekea kumezwa.

Jibu la pili ndilo lililoshinda, ila la kwanza halikufa upesi, nalo lilikuwa na sababu ya kuishi. Mwaka 1989 Alexei Filippenko alionyesha kwamba mwanga wa supanova mbili, ya 1987 na ya 1988, ulipochambuliwa katika rangi zake ulifanana mno na ule wa kiini cha Seyfert. Nyota moja iliyolipuka ndani ya gesi nzito iliweza kuvaa sura ya kiini kizima.

Na kiini nacho kiliweza kuvaa sura ya nyota. Januari 2005, Seppo Mattila na wenzake, wakitumia darubini ya William Herschel katika visiwa vya Canary, waliona mng'ao wa infraredi katika kiini kimoja cha Arp 299, galaksi mbili zinazogongana kiasi cha miaka ya nuru milioni 150 kutoka kwetu. Supanova ni nyingi huko, hivyo jina lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mng'ao haukufifia kama ilivyotarajiwa. Mwaka baada ya mwaka darubini za redio zilionyesha doa likirefuka kuelekea upande mmja tu, ilhali mlipuko hutarajiwa kutawanyika pande zote. Mwaka 2018, Mattila na Miguel Pérez-Torres, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba kilichoonekana ni nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 20. Vumbi lilikuwa limeufunika mwanga wenyewe, likaachia joto lake tu lipenye.

Kiswahili husemaje? Tukiita supanova "nyota mpya", tutakuwa tumerithi kosa la 1572. Lakini lugha yetu ina desturi nyingine. Jua likifichwa na mwezi twasema limepatwa. Tumekitaja kitendo, wala hatukukiundia kitu jina. Kwa desturi hiyo, historia hii yote hugawanyika kwa vitenzi viwili: kuna nyota iliyolipuka na kuna nyota iliyomezwa. Kwa mbali, katika usiku wa kwanza, mianga yao huweza kufanana. Wachunguzi wa Arp 299 walikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchagua kitenzi.