Dola Moja kwa Mwezi

Jumamosi moja ya Aprili nilipewa reki, glavu za kuazima na kipande cha ardhi kisichozidi kitanda cha bwenini. Nilikuwa na miezi saba New York, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nishike udongo wa nchi hii. Bustani yenyewe iko Manhattan, kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston. Wanaoitunza ni wakazi wa jirani, kwa kujitolea. Kwao majira ya kuchipua huanza na usafi: kukusanya majani yaliyolala chini tangu vuli, kukata matawi yaliyokufa, kugeuza mboji, kugawana miche. Nyanya husubiri kwanza, kwa sababu jalidi inaweza kurudi usiku mmoja na kuua kila kitu.

Nilimpigia mama simu ya video ili nimwoneshe. Baada ya shikamoo na marahaba akayatazama matuta, bwawa dogo lenye kasa, na wazee waliopiga magoti wakichimba. Kisha akauliza, "Hiyo ardhi ni ya nani?"

"Ya jiji, mama."

"Na karatasi wanayo?"

Sikuwa na jibu.

Mama hakuuliza hivyo kwa udadisi tu. Kwa miaka kumi na minne alilima mchicha na matembele Dar es Salaam, chini ya nyaya za umeme mkubwa, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kujenga. Wachuuzi wa baiskeli walikuja alfajiri na kununua tuta zima. Ada yangu ya shule ilitoka humo, tuta kwa tuta. Nilipokuwa kidato cha tatu likaja greda. Kufikia saa nne asubuhi mchicha wote ulikuwa umelala chini ya kifusi. Mama aliokoa ndoo zake mbili za kumwagilia. Sikumsikia akilaani mtu. Alisema tu, "Hatukuwa na karatasi."

Ndiyo maana jioni ile nilianza kusoma historia ya kona hiyo ya Bowery, nikitafuta karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 New York ilikuwa ikielekea kufilisika. Upande wa mashariki wa Manhattan ya chini, wenye majengo wengi waliyatelekeza, mengine yakaungua, na viwanja vilivyobaki wazi vikageuka majalala. Mwaka 1973 msanii aliyeitwa Liz Christy, mkazi wa mtaa huo, alikusanya marafiki na majirani wakaunda kikundi walichokiita Green Guerillas, yaani wapiganaji wa msituni wa kijani. Silaha zao zilikuwa maputo na kondomu zilizojazwa mbegu, mbolea na maji. Walizirusha juu ya nyua za viwanja vilivyofungwa, kisha wakasubiri mvua. Walipanda pia alizeti katikati ya barabara zenye magari mengi, na kuweka masanduku ya maua kwenye madirisha ya majengo matupu.

Ni rahisi kuupenda mchezo huo wa maputo, na wengi wanaosimulia habari hizi huishia hapo. Lakini mbegu iliyorushwa juu ya ua haina wa kuimwagilia. Kilichonivutia mimi ni hatua iliyofuata. Kikundi kilichagua kiwanja kimoja, hiki cha kona, kilichojaa takataka, kikaliendea jiji na kuliomba. Tarehe 23 Aprili 1974 idara ya nyumba ya jiji ilikubali kukikodisha kwa dola moja kwa mwezi.

Watu wakaanza kuzoa taka. Walileta udongo, wakajenga ua, wakatengeneza matuta 60 na kuyapanda mboga. Maua na miti vilifuata baadaye. Majirani wa mitaa mingine walipokuja kuuliza namna ya kufanya, walifundishwa na kupewa miche. Mwaka 1978 jiji lenyewe lilianzisha mpango wa GreenThumb wa kuzisaidia bustani za namna hii. Liz Christy alifariki mwaka 1985, na mwaka uliofuata bustani ikapewa jina lake.

Kama ningeishia hapo, ningempigia mama na kumwambia, "Karatasi wanayo." Lakini karatasi ya kukodi ina mwisho. Kufikia miaka ya 1990 mtaa uliokuwa umekimbiwa ulikuwa ukigombewa, na viwanja ambavyo hakuna aliyevitaka sasa vilikuwa na bei. Meya Rudolph Giuliani alipanga kuzipiga mnada bustani zaidi ya 100 mwezi Mei 1999. Watunza bustani waliandamana, wakaenda mahakamani, wakatafuta wafadhili. Siku chache kabla ya mnada, mashirika mawili, moja likiwa limeanzishwa na mwigizaji Bette Midler, yalizinunua. Si zote zilizopona. Februari 2000 bustani ya Esperanza, katika eneo hilohilo, ilivunjwa na tingatinga huku watu waliojifunga humo kuilinda wakikamatwa. Mwaka 2002 ndipo jiji lilipofikia makubaliano yaliyozilinda mamia ya bustani nyingine.

Nilisoma habari za Esperanza mara mbili. Nilijua sauti ya mashine ile. Nilijua pia tofauti. Siku ya greda letu hapakuwa na maandamano, kwa sababu kila mkulima pale alikuwa na matuta yake na mteja wake, na hakuna aliyekuwa na kikundi. Bustani za New York zilikuwa na watu waliozoeana kwa miaka ya kuzoa majani pamoja kila Aprili. Walipohitajika mahakamani, walikuwa tayari wanajuana kwa majina.

Nilimsimulia mama yote hayo Jumapili. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Sasa analima matuta tisa kwenye kiwanja cha watu, pamoja na wanawake wengine watano.

"Umesema walilipa ngapi?"

"Dola moja kwa mwezi."

Akakokotoa. "Sisi sita hatushindwi. Hata mara kumi yake." Akanyamaza kidogo. "Wewe si ndiye msomi? Tuandikie barua. Uanze na majina yetu yote sita, usiweke langu peke yake."

Niliiandika usiku uleule. Wameipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, wakagongewa muhuri kwenye nakala. Jibu bado. Nakala mama ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na siku hizi huenda nayo shambani.