Fukara katika Karamu ya Matajiri

Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa mchezo mfupi wa sinema uitwao The Idle Class, akaigiza humo watu wawili wanaofanana sura: tajiri mlevi na fukara mzururaji. Fukara, akimkimbia polisi, aingia katika karamu ya watu waliovaa mavazi ya kuigiza. Matambara yake yadhaniwa kuwa pambo, na mke wa tajiri amdhani kuwa mumewe. Mume mwenyewe yumo karamuni, amenaswa ndani ya deraya, wala hatambulikani.

Wako watazamaji wauonao mchezo huu kuwa mzaha mtupu, mwepesi kuliko The Kid uliotangulia mwaka uo huo. Sikubaliani nao. Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889, alipata kulelewa katika nyumba ya maskini huko London. Umaskini hakuusoma vitabuni.

Ukweli ujulikanapo, fukara afukuzwa. Kisha baba wa mke amfuata kumtaka radhi. Fukara amwashiria chini, mzee ainama, naye ampiga teke akakimbia. Wengine huliona teke hilo kuwa utovu wa adabu. Lakini na tuangalie: mzee alileta radhi, hakumrudisha karamuni.