Saksofoni Teno katika Santuri za Dansi

Madai kwamba wapulizaji wa bendi za dansi za Tanzania waliiga Kinshasa, na Kinshasa nayo ikaiga Marekani, yamerudiwa mno hata yakazoeleka kama historia. Santuri zenyewe zinasema vingine. Anayezisikiliza kwa kuzilinganisha, hasa akifuatilia saksofoni teno, anakuta mwigo mdogo kuliko anavyoambiwa.

Vyombo vya kupuliza vilitangulia santuri za jazi. Ngoma za beni, zilizoanza Lamu na Mombasa miaka ya 1890 na kushuka pwani hadi Tanga na Dar es Salaam, zilikuwa na matarumbeta, gwaride na mashindano ya vyama vya Marini na Arinoti. Dar es Salaam Jazz, inayotajwa kuanzishwa mwaka 1932, ilikuta watu waliokwisha kuzoea sauti ya bati. Baadaye zikaja santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, na mambo hayo yameandikwa vya kutosha.

Huko Marekani, teno ilipata hadhi kwa Coleman Hawkins. "Body and Soul" aliyoirekodi Oktoba 1939 ina sauti nene inayotetemeka, naye anaiacha melodia mapema na kuujengea wimbo nyumba mpya juu ya kodi zake. Lester Young wa bendi ya Count Basie alikwenda kinyume: sauti nyepesi, maneno machache, pumzi ikikawia nyuma ya mdundo. Karibu kila mpuliza teno aliyefuata hupimwa kwa mizani ya hao wawili. Mizani hiyo inawafaa wapulizaji wanaosimama peke yao mbele ya bendi. Kwa bendi za Dar es Salaam, ambako wapulizaji husimama safu moja, inapotosha.

Kuna santuri mbili za Marekani zinazogusa Tanganyika, na thamani yao haifanani. "Tanganyika Strut" ya mwaka 1958, ambayo ndani yake John Coltrane anapuliza teno pamoja na Wilbur Harden na Curtis Fuller, ni jazi safi ya zama zake. Tanganyika imo katika jina tu. "Uhuru Afrika" ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, ni habari nyingine. Shairi la Langston Hughes linasomwa humo kwa Kiswahili na Mtanganyika Tuntemeke Sanga, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa nchi yake, na miongoni mwa wapulizaji wamo Yusef Lateef na Budd Johnson. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku. Ni ajabu kwamba santuri hii haitajwi sana katika historia za muziki zinazoandikwa Tanzania, ilhali sauti ya Mtanzania imo ndani yake.

Kongo haina budi kupewa haki yake. Mbelgiji Fud Candrix alipuliza teno katika rekodi za lebo ya Opika mjini Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, miaka ya 1950. Jean Serge Essous na Nino Malapet waliijenga safu ya wapulizaji ya Les Bantous de la Capitale ng'ambo ya mto, Brazzaville, kuanzia 1959. Verckys Kiamuangana, aliyeingia bendi ya OK Jazz mwaka 1963 na kuanzisha Orchestre Vévé mwaka 1969, ndiye aliyeitanguliza teno mbele kabisa: kavu, kali, yenye kukwaruza kama ya wapulizaji wa soul. Santuri zao zilifika Dar es Salaam na Mombasa, na vijana walizisikiliza. Lakini kusikiliza si kuiga.

Ushahidi bora ni bendi ya Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Muhidin Gurumo alitoka bendi ya JUWATA na Abel Balthazar alitoka Dar International. Mtindo wao, Sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Aliyepanga sehemu za wapulizaji ni Michael Enoch, "Ticha", ambaye miaka ya 1960 alikuwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika saksofoni.

Katika nyimbo zao za kipindi hicho, sehemu ya kwanza huenda polepole: mwimbaji anatoa hoja yake, na kila anapovuta pumzi wapulizaji wanajibu kwa kifungu kifupi, kama wazee barazani wanaoitikia bila kumkatiza msemaji. Matarumbeta yako juu, alto inafuata, na teno inakaa chini yao, palepale inapokaa sauti ya tatu ya kwaya. Wimbo ukifika kwenye chemko, magitaa yanasukana na wapulizaji wanashika kifungu kimoja na kukirudia hadi wachezaji wachoke. Verckys angefika hapo akatoka mbele; kwa Enoch safu nzima hubaki pamoja. Anayeihukumu teno ya Sikinde kwa urefu wa solo hajaisikia.

Kukusanya rekodi hizi kuna ugumu wake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi za Morogoro na za Tanga zilitegemea Nairobi na Mombasa. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikakatika, na kazi kubwa ikabaki kwenye tepu za Redio Tanzania, bendi ikirekodiwa wote wakipiga kwa pamoja. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Sikinde hazina santuri ya asili ya kutafutwa. Santuri ya 45 ya zamani, iwe ya Mzuri au Polydor, huandikwa bendi na mtunzi. Mpuliza teno hatajwi. Kwa anayeanza, "The Tanzania Sound" ya mwaka 1987 inatosha kwa miaka ya 1960, na juzuu ya tano ya "Zanzibara", inayohusu Dar es Salaam ya 1978 hadi 1983, ndiyo inayolipa zaidi kwa wapulizaji.

Wapulizaji wa zama hizo wanazidi kupungua. Mwenye santuri au kaseti ya bendi hizi, na anayemfahamu aliyepuliza ndani yake, aandike jina hilo kwenye jalada leo.